Tamthilia za Uhalifu wa Kweli: Wewe Unamtazama Nani?



Wengi wetu tunapenda tamthilia za polisi na mahakama. Unaanza na sehemu moja tu, unashtukia ni saa nane usiku na bando limekata. Leo tujifunze kuhusu zile zinazotokana na matukio ya kweli.

Mtindo huu si mpya. Law & Order ya Marekani ilianza mwaka 1990, ikajulikana kwa kuchukua kesi zilizotikisa magazeti, kubadilisha majina na kugeuza mwisho wa kisa. Majina yanabadilika, sawa, lakini kuna mama mahali fulani anayejua kabisa kwamba yule ni mwanaye.

Yesu naye alisimulia tukio la uhalifu

Soma Luka 10:25-37. Mtu anavamiwa njiani kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Wanyang'anyi wanatajwa kidogo tu, basi. Hatuambiwi utoto wao wala walivyopanga. Simulizi linabaki na aliyejeruhiwa: nani alimpita, nani alisimama, nani alilipa gharama za nyumba ya wageni. Yesu haufichi uovu, ila hamfanyi mwovu kuwa nyota wa hadithi.

Mifano miwili

Septemba 2022, Netflix ilitoa mfululizo kuhusu Jeffrey Dahmer, aliyeua wanaume na wavulana 17 kati ya 1978 na 1991. Dada wa mmoja wa waliouawa aliona uchungu wake wa mahakamani ukiigizwa, akasema hakuna aliyewasiliana naye kabla. Mtayarishaji naye alisema walizitafuta familia nyingi bila kujibiwa. Lakini jiulize: watu wangapi wanalijua jina la muuaji, na wangapi wanakumbuka hata jina moja la waliouawa?

Januari 2024, televisheni ya ITV ya Uingereza ilionyesha Mr Bates vs The Post Office. Hii ilihusu wasimamizi wa ofisi ndogo za posta walioshtakiwa kwa wizi na udanganyifu, kumbe kosa lilikuwa la mfumo wa kompyuta. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Habari hizo zilikuwa zimeandikwa kwa miaka, lakini tamthilia iliwagusa watu, na Mei mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kufuta mamia ya hukumu hizo.

Unaona? Habari ya kweli ikisimuliwa kwa kusimama upande wa aliyeumizwa, inaweza kumrudishia mtu heshima yake.

Kanisa linatufundisha nini?

Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Inter Mirifica (1963), namba 7, inakubali kwamba kuonyesha uovu kunaweza kutusaidia kumjua mwanadamu zaidi, ila kwa kiasi, pasipo kuamsha tamaa mbaya. Nayo Katekisimu, namba 2477, inatukataza kumhukumu mtu bila msingi na kutangaza makosa yake bila sababu ya haki. Kwa hiyo ukimaliza kuangalia, usiingie mtandaoni kumsaka na kumtukana "yule wa kweli". Hiyo ni Amri ya Nane, ndugu yangu.

Jiulize kabla ya kuendelea na sehemu inayofuata

1. Nikizima simu, namkumbuka nani: aliyeua au aliyeuawa?
2. Ningekaa na familia ya marehemu, ningeweza kuangalia hivi nikicheka?
3. Hadithi hii inanifanya niwe na huruma zaidi, au inanizoesha damu?

Zoezi la wiki hii: ukiangalia kisa cha kweli, tafuta jina la aliyeumizwa na umsalie Salamu Maria moja.

Tusali: Ee Bwana, uliyeisikia damu ya Abeli ikilia, tupe macho ya Msamaria, tusipite kando ya aliyeanguka, hata tukiwa mbele ya kioo cha simu. Amina.