Mbio za Eliya: Jana Mvua, Leo Jangwa

SOMO LA WIKI
Maandiko: 1 Wafalme 18:41–46, 19:1–18



Wengi wetu tunaipenda sana sura ya 18. Moto umeshuka Karmeli, manabii wa Baali wameaibika, na baada ya ukame wa miaka mitatu na nusu, mtumishi wa Eliya anaona kawingu kadogo kakitoka baharini. Punde si punde mbingu zinakuwa nyeusi. Mkono wa Bwana unakuwa juu ya Eliya, anajifunga kiunoni, anakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Hizo ni kilomita 25 hivi au zaidi, karibu kama kutoka hapa Hurlingham mpaka Limuru, kwa miguu, mvua ikinyesha, na farasi wa mfalme wako nyuma yako! Hapo tunapiga makofi, tunasema amina, tunafunga Biblia.

Usifunge. Geuza ukurasa. Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu, na mtu yule yule anakimbia tena, lakini mara hii anakimbia kwa hofu. Anakata nchi kwenda kusini mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja. Anaketi chini ya mretemu na kuomba afe.

Je, Eliya alikuwa amerudi nyuma kiroho? Hebu tuangalie pamoja.

1. Hali ya hewa hubadilika hata kwa bingwa

Tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa kwetu, Mombasa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo miaka mitano mfululizo, 2002 hadi 2006. Lakini siku hiyo joto la Pwani lilikuwa kali na hewa nzito. Katika mzunguko wa mwisho bingwa akaacha mbio, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Bekele hakuwa amesahau kukimbia. Mwili ulikuwa umefika mwisho.

Mpendwa, nguvu ulizopewa kwa mvua ya jana si lazima zitoshe kwa jua la leo. Usishangae ukitoka kesha la Ijumaa ukiwa moto, halafu Jumatatu uko ndani ya matatu pale Argwings Kodhek, machozi yanakutoka na hujui kwa nini.

2. Mungu alianza na chakula

Soma polepole sura ya 19 mstari wa 5 mpaka wa 8. Malaika hakumkemea Eliya. Hakumuuliza imani yake imeenda wapi. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na kumwambia ale, kwa sababu safari ilikuwa inazidi nguvu zake. Kumbe mbinguni wanajua mtu anaweza kuchoka!

Nami nimepita hapo. Mwaka mmoja, baada ya wiki nzima ya kufunga na kuomba, nilijifungia nyumbani, nikazima simu. Nilidhani Mungu ameniacha. Mama mmoja wa ushirika wetu akabisha hodi na chapati na themosi ya chai. Hakuhubiri. Alinimiminia chai, akakaa. Siku hiyo nilimwelewa yule malaika.

Kwa hiyo kula. Lala. Mwambie mtu. Na giza likikaa wiki nyingi, ona daktari au mshauri. Hiyo si kukosa imani.

3. Mungu hakumwacha chini ya mti

Kwa nguvu za chakula kile Eliya alitembea siku 40 mpaka Horebu. Huko alisema amebaki peke yake. Mungu alimpa kazi mpya, akampa Elisha wa kumsaidia, akamwambia wako 7,000 ambao hawajampigia Baali magoti. Bekele naye alirudi mwaka 2008 kule Edinburgh. Kiatu kilimtoka katikati ya mbio, akakivaa, akashinda. Kuanguka Mombasa hakukuwa mwisho wake, na mretemu haukuwa mwisho wa Eliya.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni "ujumbe wa Yezebeli" gani umekukimbiza mwaka huu?
2. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba. Wewe umemwacha nani nyuma ili uteseke peke yako?
3. Nani katika ushirika wetu amenyamaza siku hizi? Wiki hii nani atambishia hodi, na atabeba nini?

Tuombe

Baba, wewe uliyetupa mbio kwenye mvua, tushike na jangwani. Mguse aliyelala chini ya mti leo. Utufanye sisi kuwa mikono ya kumpelekea mkate. Katika jina la Yesu, amina.