Sauti Nzito Nyuma ya Kochi: Fizikia ya Kisanduku cha Besi

Sauti ni mtetemo wa hewa. Ngoma ipigwapo, ngozi yake husukuma na kuvuta hewa iliyo karibu nayo, na mtetemo huo husafiri hadi sikioni. Idadi ya mitetemo katika sekunde moja huitwa marudio, nayo hupimwa kwa hezi, kwa kifupi Hz. Sikio la kijana mwenye afya husikia sauti za kuanzia Hz 20 hivi hadi Hz 20,000. Sehemu ya chini kabisa, yaani kati ya Hz 20 na Hz 80, ndiyo ambayo spika ndogo za nyumbani hushindwa kuitoa. Humo ndimo ilimo ngurumo ya radi katika filamu, na humo ndimo uliomo uzi mnene wa gitaa la besi, ambao hutetema mara 41 kwa sekunde.

Spika iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti hizo huitwa sabufa. Tangu mwaka 1992, filamu zilipoanza kurekodiwa kwa mfumo wa Dolby Digital wenye njia ya pekee ya sauti nzito, chombo hicho kimezidi kuenea majumbani. Wanunuzi wengi huamini kwamba sabufa bora ni ile iliyoandikwa wati nyingi. Fizikia husema vingine. Mambo matatu yana uzito kuliko wati: kiasi cha hewa kinachosukumwa, kiasi cha hewa kilichofungiwa ndani ya kisanduku, na umbali kati ya kisanduku na msikilizaji. Mwenye kuyaelewa haya aweza kujenga kisanduku chembamba cha kukaa nyuma ya kochi, kikamtosheleza kwa nguvu ndogo ya umeme.

Kwa nini spika huhitaji kisanduku

Spika ya namna itumikayo leo ilielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani. Koili ya waya imening'inizwa ndani ya uga wa sumaku na kuunganishwa na kiwambo cha karatasi. Mkondo wa umeme ubadilikapo, koili husogea mbele na nyuma pamoja na kiwambo.

Kiwambo kisukumapo hewa ya mbele, papo hapo huivuta hewa ya nyuma. Kwa sauti nzito, hewa iliyosukumwa huzunguka ukingo wa spika na kujaza pengo la upande wa pili, na sauti hujifuta yenyewe. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani. Spika tupu ya redio ipigishwe muziki mezani, kisha ifunikwe kwa ubao mpana wenye tundu la kipenyo cha kiwambo. Mara moja besi itaongezeka, ingawa umeme haukuongezwa hata kidogo. Kisanduku hufanya kazi ya ubao huo kwa ukamilifu zaidi: huizuia kabisa sauti ya nyuma.

Hewa kama springi

Lakini kisanduku kilichozibwa huleta jambo jipya. Chukua bomba la sindano lisilo na ncha ya chuma, vuta mchi wake hadi nusu, ziba tundu kwa kidole, kisha usukume mchi. Hewa iliyobanwa itaurudisha mchi kidole kikiwa bado kimeziba. Hewa ni springi, na kadiri ujazo wake ulivyo mdogo ndivyo springi hiyo ilivyo ngumu. Mwaka 1954 Edgar Villchur wa Marekani aliitumia tabia hiyo kwa makusudi. Alilegeza kiunzi kinachoshikilia kiwambo, akaiachia hewa ya kisanduku kidogo kazi kubwa ya kukirudisha mahali pake.

Baadaye Neville Thiele, mwaka 1961 huko Australia, na Richard Small, mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliweka hesabu zinazomwezesha mjenzi kujua matokeo kabla ya kukata ubao. Karatasi inayofuatana na spika nzuri hutaja namba tatu. Fs ni marudio ya asili ya kiwambo kikiwa nje ya kisanduku. Vas ni ujazo wa hewa ambao ugumu wake kama springi unalingana na ugumu wa kiunzi cha spika. Qts huonyesha jinsi mtetemo unavyodhibitiwa.

Hesabu ya kisanduku

Ichukuliwe spika ya kipenyo cha sentimita 25 yenye Fs ya Hz 25, Vas ya lita 60 na Qts ya 0.40. Ikifungiwa katika kisanduku cha lita 30, hesabu huwa hivi:

Vas ÷ ujazo wa kisanduku = 60 ÷ 30 = 2
1 + 2 = 3, na kipeuo cha pili cha 3 ni 1.73
Marudio mapya = 25 × 1.73 = Hz 43
Q mpya = 0.40 × 1.73 = 0.69

Q iliyo karibu na 0.7 hutoa sauti iliyo sawasawa. Ikizidi 1, besi huvuma kama mtungi mtupu. Chini ya Hz 43 sauti hupungua polepole, lakini kuta za chumba huisaidia, kama itakavyoonekana.

Ifahamike pia kwamba marudio yakipungua kwa nusu, kiwambo hulazimika kusogea mara nne zaidi ili nguvu ya sauti ibaki ile ile. Kinachosogea milimita 2 kwa Hz 40 huhitaji milimita 8 kwa Hz 20. Ndiyo maana wati nyingi katika spika ndogo haziwezi kuleta ngurumo: kiwambo hufika mwisho wa safari yake mapema.

Ujenzi

Vipimo vya ndani viwe urefu sentimita 60, kimo sentimita 35 na kina sentimita 15. Ujazo wake ni 60 × 35 × 15, yaani sentimita za ujazo 31,500, au lita 31.5. Mwili wa spika na ubao wa kukaza hula lita 1.5 hivi, hubaki lita 30. Kabla ya kukata, hakikisha kwamba kina cha spika kinaingia katika sentimita 15 hizo.

Kwa plaiwudi au MDF ya milimita 18, seremala akate mbao mbili za sentimita 63.6 kwa 38.6 za mbele na nyuma, mbili za 63.6 kwa 15 za juu na chini, na mbili za 35 kwa 15 za ubavuni. Ubao wa saba wa 35 kwa 15, wenye tundu kubwa katikati, husimama ndani kando ya spika na kuunganisha mbele na nyuma ili kuta zisitetemeke. Tundu la spika lisiwe katikati ya ubao wa mbele, bali lielekee upande mmoja, ili ubao wa kukaza upate nafasi.

Viungo vyote vipakwe gundi ya mbao na kukazwa kwa skrubu, kisha pembe za ndani zizibwe kwa silikoni. Siku nzima ipite kabla ya kufunga spika, ili silikoni ikauke. Mwisho, kiwambo kisukumwe taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, kisha kiachwe. Kikirudi kwa uzito, kisanduku kimezibwa vema. Kikirudi kwa wepesi kama kilivyokuwa nje, hewa inavuja.

Faida ya ukaribu

Kisanduku hiki kina unene wa sentimita 18.6 tu. Kochi likisogezwa sentimita 25 kutoka ukutani, hubaki sentimita 6 hivi mbele ya kiwambo, nafasi ya kutosha kwa mwendo wake.

Katika uwanja wa wazi, umbali ukipungua mara nne, nguvu inayohitajika kwa sauti ile ile hupungua mara kumi na sita. Sabufa iliyo meta 3 mbele ya msikilizaji ikihamishiwa sentimita 75 nyuma yake, kazi ya wati 160 yaweza kufanywa na wati 10. Chumbani faida hiyo hupungua, kwa kuwa kuta hurudisha sauti, lakini haipotei.

Ukuta wenyewe nao una sehemu yake. Kwenye joto la digrii 25, sauti husafiri meta 346 kwa sekunde. Katika chumba cha urefu wa meta 5, wimbi la kwanza lisimamalo kati ya kuta mbili lina marudio ya 346 ÷ (2 × 5), yaani Hz 34.6. Wimbi hilo huwa na shinikizo kubwa ukutani na dogo katikati ya chumba. Aketiye karibu na ukuta wa nyuma hulisikia kwa nguvu. Aketiye katikati hulikosa. Hili huonyesha pia kwamba si kweli kuwa sauti nzito haitoshi katika chumba kidogo.

Kupatanisha sabufa na spika za mbele

Amplifaya ya sabufa iwekwe kupitisha sauti zilizo chini ya Hz 80 hivi, kwani sikio hutambua kwa shida zinatoka upande gani. Lakini kuna tatizo moja. Sauti ya kisanduku hufika mapema kuliko ya spika zilizo mbele. Tofauti ya meta 2.25 ni sawa na sekunde 0.0065. Mtetemo mmoja wa Hz 80 huchukua sekunde 0.0125, na nusu yake ni 0.00625. Maana yake ni kwamba sauti mbili za Hz 80 hukutana zikiwa karibu kinyume kabisa, nazo hufutana. Amplifaya yenye sehemu ya kuandikia umbali wa kila spika hulirekebisha jambo hili. Isiyo nayo, nyaya mbili za sabufa zigeuzwe, na sikio liamue ni namna ipi iliyo na besi zaidi.

Jirani na usalama

Ukuta huzuia sauti nyembamba kwa urahisi kuliko nzito. Ndiyo sababu jirani husikia besi peke yake na hakosi usingizi kwa maneno ya filamu. Ukaribu wa kisanduku ni msaada kwake pia: msikilizaji hupata haja yake kwa nguvu ndogo, na kinachovuka ukuta hupungua. Kisanduku kisigusane na ukuta, nacho kikalie vipande vya mpira. Ukuta huo ukiwa wa pamoja na nyumba ya jirani, afadhali kochi lihamishiwe ukuta mwingine.

Amplifaya inunuliwe ikiwa kamili, na mwanafunzi asiifungue, kwa kuwa ndani mna umeme wa kuua. Isiwekwe nyuma ya kochi penye vitambaa, bali mahali penye hewa.

Maswali

1. Spika iliyotajwa hapo juu ikifungiwa katika kisanduku cha lita 20, marudio mapya na Q mpya ni ngapi? Je, sauti yake itatofautianaje na ile ya lita 30?
2. Urefu wa wimbi la Hz 40 kwenye joto la digrii 25 ni meta ngapi?
3. Katika chumba cha meta 4, wimbi la kwanza lisimamalo lina marudio gani?
4. Kwa nini spika mbili zilizo sawa, zikitoa sauti ile ile pamoja, kila moja husogea nusu ya mwendo wa spika moja?