Mepo wangu ana mizizi upande mmoja tu

Swali: Naishi Leeds, Uingereza, na nina bonsai ya mepo wa Kijapani. Shina limenona, lakini upande mmoja hauna mizizi, na katikati pana pengo lisilo na tawi. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, dawa ni kubebesha, kama wafanyavyo wenye miche ya parachichi, ila tawi utalipata kwa mti huohuo.

Baridi inapokaribia kuisha, kabla macho ya matawi hayajavimba, chagua chipukizi refu la mwaka jana. Toboa shina kwa keekee penye pengo, tundu lizidi unene wa chipukizi kwa kiasi kidogo tu. Lipitishe polepole, ncha itangulie, macho yasikwanguke, hadi jicho moja likae mdomoni mwa tundu upande wa pili. Ziba kwa nta. Usilikate! Bado linanyonya kwa mama. Litanenepa humo ndani hadi libanwe na kuungana na shina. Upande wa kutokea ukiwa mnene waziwazi kuliko wa kuingilia, limeshika. Pengine mwaka, pengine miwili. Mimi niliwahi kuharakisha, nikabaki na kijiti kikavu.

Mizizi ni rahisi zaidi. Chonga mfereji kitakoni mwa shina, upande usio na mizizi, kwangua gome la mche mchanga wa mepo, kisha laza kijani cha mche juu ya kijani cha shina na ubane kwa msumari mwembamba. Sehemu ya juu ya mche iache ikue kwanza, maana majani ndiyo yanayonenepesha kiungo. Ukishika, kata juu ya kiungo, ubakize mizizi.