Somo wa Shujaa: Usuli wa Mhusika wa Mchezo na Mfano wa Mtemi Mirambo

Makala haya yanajadili ujenzi wa usuli na mlezi wa mhusika shujaa katika michezo ya kuigiza nafsi, yaani ile ambayo kila mchezaji husema na kutenda kwa nafsi ya mhusika aliyembuni, huku dadu zikiamua matokeo. Mchezo mashuhuri wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974. Shujaa wake aliyezoeleka ni mpanda farasi wa Ulaya ya kale, mwenye deraya, kiapo kwa bwana wake, na mzee mwenye hekima aliyemfunza upanga.

Kiswahili hakina neno moja kwa mtu huyo. Shujaa hubeba ujasiri, muungwana hubeba nasaba na malezi, jemadari hubeba amri. Hilo si pungufu la lugha. Linamlazimu mbunifu aamue kiini cha mhusika wake ni kipi. Mchezaji wa Kipalapala, kando ya Tabora, akimpandisha mhusika wake farasi, keshamtoa Unyamwezi. Katika njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji mizigo ilikwenda kwa mabega ya wapagazi, kwani mbung'o waliua wanyama wa kubeba.

Mfano ulio karibu ni Mirambo, mtemi wa Uyowa, aliyefariki mwaka 1884. Awali aliitwa Mtyela. Mirambo ni jina la vita, nalo hufasiriwa kuwa ni maiti. Yapo masimulizi kwamba ujanani alitekwa na Watuta, tawi la Wangoni waliovuka Zambezi mwaka 1835, na kwao akapata mbinu za vita. Kutekwa huko kunaweza kutiliwa shaka. Athari ya Wangoni katika vita vyake haina ubishi mkubwa.

Hapa sarufi ina la kusema. "Alifundishwa na Watuta" humfanya mtekaji kuwa mwalimu. "Alijifunza kwa Watuta" humwachia kijana utendaji wote, na Watuta hubaki mahali tu. "Aliwaibia Watuta maarifa" huleta deni. Mchezaji anayeandika usuli wa mhusika wake hana budi kuchagua mojawapo, na ya tatu ndiyo yenye mchezo ndani yake: mwenye kuibiwa anaweza kurudi kudai. Mzee mwenye hekima hadai kitu. Ndiyo maana husahaulika baada ya ukurasa wa kwanza.

Pwani neno somo humtaja mwalimu wa unyago, na pia mtu wa jina moja na mwingine. Mbunifu anaweza kuziunganisha maana hizo na kuuliza ni nani aliyempa Mtyela jina la maiti, na kwa malipo gani.

Kiapo nacho kipo. Mwaka 1871 Stanley, akiwa Kwihara, alijiunga na Waarabu wa Tabora kumpiga Mirambo, wakashindwa. Vita viliendelea hadi 1875. Mwaka 1876 Stanley na Mirambo walikutana, wakachanjiana. Kwa mhusika wa mchezo, udugu wa damu na adui wa jana una uzito kuliko utii kwa bwana wa kurithi. Watuta wenyewe, kwa nyakati fulani, walipigana upande wa Mirambo.