SOMO KWA MAFUNDI NA WENYE VYOMBO VYA MOTO: Hitilafu za Injini za Petroli Zenye Tabo

Gari likipoteza nguvu na taa ya injini ikawaka, kompyuta ya kupimia mara nyingi huonesha nambari P0299. Maana yake ni kuwa shinikizo la hewa inayosukumwa na tabo ni dogo kuliko linalotakiwa. Nambari hiyo haisemi kuwa tabo imekufa. Fundi mwenye haraka huing'oa tabo nzima, mwenye gari akalipa fedha nyingi, na hitilafu ikabaki pale pale.

Yapasa kuanza na vitu vya gharama ndogo. Mipira ya hewa iendayo kwenye injini, pamoja na vibanio vyake, ikaguliwe kwanza. Iliyopasuka hutoa mlio wa kuvuja dereva anapokanyaga mafuta. Kisha itazamwe vali ya kupunguzia hewa, ambayo utando wake wa mpira huweza kuchanika. Tabo yenyewe huchunguzwa mwisho, injini ikiwa imepoa, kwa kuutikisa mhimili wake na kutazama kama mapanga yamegusa kuta.

Baadhi ya injini hizi hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mfano ile ya lita 2 iliyowekwa katika Volkswagen Golf GTI ya mwaka 2004. Kwa mpango huo petroli haipiti tena juu ya vali za kuingizia hewa na kuziosha, hivyo mvuke wa oili hugandamana hapo ukawa masizi magumu. Dalili yake ni injini kutetemeka inapowashwa asubuhi, kisha kutulia ipatapo moto. Dawa za kutiwa tangini haziyafikii masizi hayo, hata chupa ikiahidi nini. Sharti njia za hewa zifunguliwe na vali zisafishwe.

Ikiwa ni silinda moja tu isiyowaka sawasawa, tuseme ya pili, kompyuta huonesha P0302. Koili yake ihamishiwe silinda ya tatu. Nambari ikigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu; isipogeuka, plagi nayo ijaribiwe vivyo hivyo.

Nambari P0087 ni ya shinikizo dogo la petroli. Pampu ya tangini na chujio vipimwe kwanza. Katika injini ya Golf iliyotajwa, pampu ya shinikizo kubwa husukumwa na kamshafti kupitia kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho hulika, na kikitoboka huharibu kamshafti na pampu pia, kwa hiyo kukikagua mapema ni kuokoa mali.

Kazi hii isifanywe kwa mazoea ya injini za zamani, ambazo petroli yake ilikuwa na shinikizo la baa 3 au 4 tu. Hapa hufikia baa 110, na mchirizi wake huweza kupenya ngozi au kulipuka moto. Bomba lisifunguliwe kabla ya injini kuzimwa na kupoa, na shinikizo kuondolewa.