Safari ya miguu hadi Namugongo: Mzigo mwepesi ni nusu ya dawa

Kila mwaka, mwezi wa Mei unapoelekea ukingoni, utawaona mahujaji kandokando ya barabara za Magharibi mwa Kenya, rozari mkononi na mzigo mgongoni, wakielekea mpakani Busia. Nia yao ni kufika Namugongo, karibu na Kampala, kabla ya Juni 3, siku ya kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda ambao wengi wao walichomwa moto mahali hapo mwaka wa 1886.

Kutoka mjini Kakamega hadi huko, kupitia Mumias, Busia, Iganga, Jinja na Mukono, ni zaidi ya kilomita 250. Hatua ya mtu mzima ni sentimita 70 hivi. Piga hesabu, msomaji, utaona kwamba safari hiyo inataka zaidi ya hatua 350,000. Kila kilo unayoitia mkobani itabebwa mara hizo zote na goti lako, kisigino chako na mgongo wako.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida hapa Kakamega, na kila Juni huwapokea waliorejea. Wengi huja na furaha moyoni na malengelenge miguuni. Lakini wako ambao huja na jambo zito zaidi. Sitamsahau mama mmoja wa makamo, mgonjwa wa kisukari, aliyenunua viatu vipya kwa ajili ya safari. Alibeba blanketi, sufuria, unga na sukari. Tembe zake aliziacha nyumbani, kwa kuwa mkoba ulikuwa umejaa.

“Mama, lengelenge hili lilianza lini?” nilimuuliza.

“Daktari, mimi hata sikulisikia,” alijibu.

Na hakulisikia kweli, kwa maana kisukari cha miaka mingi huua hisia za miguu. Kidonda kilikuwa kimeoza. Alipoteza vidole viwili. Juma hili nataka tujifunze namna ya kufunga mzigo, ili wewe usimfuate mama huyo kwa njia hiyo.

KILO NGAPI?

Wapandaji wa milima waliozoea hukubali kubeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa mjini ambaye kutwa huketi ofisini au dukani, huo ni mzigo mkubwa mno. Mimi huwashauri wagonjwa wangu wasizidi sehemu moja ya kumi. Mwenye kilo 60 abebe kilo sita, maji yakiwemo.

Nasema haya nikiwa nimeyaonja. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga safari hiyo nikiwa na kilo 70 za mwili na kilo 14 mgongoni. Nilipofika Mumias jioni ya siku ya kwanza, mabega yalikuwa yamevimba na goti la kulia limekataa kukunjika. Nusu ya vitu vile nilivirudisha nyumbani kwa matatu, na sikumbuki kuvihitaji hata mara moja.

Usikisie uzito. Peleka mkoba wako kwa mwenye duka la nafaka aupime kwenye mizani yake. Wengi hushtuka.

MAFUNGU MATATU

Usiku mmoja kabla ya kufunga mzigo, tandaza kila kitu sakafuni na ukigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vitu ambavyo ukivikosa utaugua au utazuiwa njiani. Fungu la pili ni vitu utakavyotumia kila siku. La tatu ni vile unavyobeba kwa sababu ya “pengine”. Fungu hilo la tatu lirudishe kabatini lote, bila huruma.

Sufuria, jiko na unga ni vya fungu la tatu. Njia ya Namugongo ina maduka na vibanda karibu kila kituo, nawe utapata chai, chapati, ndizi na maharagwe. Beba njugu karanga kidogo tu za kutafuna njiani, kwani zina nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Pesa ni nyepesi kuliko unga.

Blanketi zito laweza kufika kilo mbili au zaidi. Shuka moja ya Kimaasai pamoja na sweta vitakufaa zaidi. Suruali ya jinzi nayo iache. Kitambaa cha pamba hunywa maji, huwa kizito, na hukauka polepole. Mei ni mwezi wa mvua katika sehemu zetu, na mtu aliyelowa huanza kutetemeka usiku hata kama mchana kulikuwa na jua kali. Tafuta sokoni kwa mitumba suruali nyepesi ya nailoni, na sweta ya sufu au ya kitambaa laini kisichonyonya maji. Seti mbili za nguo zatosha: moja ya kutembelea, na moja kavu ya kulalia ambayo hutaivaa barabarani hata ikiwaje.

Mnamo 1955 huko Marekani, nyanya wa miaka 67 aitwaye Emma Gatewood alitembea peke yake njia ya milimani ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,000. Alivaa viatu vya raba, akabeba mfuko aliojishonea mwenyewe. Hema hakuwa nalo. Kujikinga na mvua alitumia pazia la plastiki la bafuni. Nawe nunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi mita mbili za karatasi nzito ya nailoni. Mchana itafunika wewe na mkoba, na usiku utaitandika chini ya mkeka.

VIATU NI MZIGO PIA

Watafiti wamepima na kuona kwamba kilo moja iliyofungwa miguuni humchosha mtu kama kilo tano hivi za mgongoni, maana mguu huinuliwa na kushushwa kila hatua. Kwa hiyo buti nzito za ngozi hazifai katika barabara ya lami. Chagua viatu vyepesi vya michezo, vikubwa kidogo kuliko kawaida yako, kwa sababu mguu huvimba kwa kutembea. Vinunue jioni, wakati mguu umekwisha kutanuka.

La muhimu zaidi ni hili: usianze safari na viatu vipya. Vivae angalau mwezi mzima, ukienda navyo kazini na kanisani. Beba soksi jozi tatu zisizo za pamba tupu. Kata kucha, pakaa mafuta kwenye visigino na kati ya vidole, na kila unapopumzika vua viatu miguu ipate hewa. Ukihisi mahali panachoma, simama papo hapo ubandike plasta. Lengelenge dogo lisitobolewe.

NAMNA YA KUBEBA

Wanawake wetu walijua siri ya mizigo kabla ya wataalamu. Mwaka wa 1986 watafiti, akiwemo Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliandika katika jarida la Nature kuhusu wanawake Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kichwani. Wanawake hao waliweza kubeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Lakini hao walianza utotoni, wakiwa na ngata kichwani na debe la maji. Wewe uliyelelewa na matatu usiwaige kwa siku moja. Shingo yako haijazoea.

Chukua mkoba wenye mikanda mipana ya mabegani na mwingine wa kufunga kiunoni, ili mifupa ya nyonga ibebe sehemu kubwa ya uzito. Vitu vizito viweke karibu na mgongo. Mfuko wa bega moja haufai, kwani utakupinda uti wa mgongo.

VISIVYOPUNGUZWA

Sasa tumefika penye kosa la yule mama. Mtu anayepunguza mzigo hupunguza kwanza vitu vidogo, na vidogo ndivyo vinavyookoa maisha. Haya hayaguswi:

Dawa zako za kila siku, za kutosha siku zote za kwenda na kurudi na tatu za ziada. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, pumu, kifafa au selimundu amwone daktari wake majuma manne kabla. Anayetumia insulini aulize namna ya kurekebisha kipimo, maana kutembea hushusha sukari, na awe na peremende au sukari mfukoni. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni kwa macho, au amwombe mwenzake, kwa sababu maumivu huenda yasimwonye.

Chandarua cha mtu mmoja chenye dawa. Mahujaji hulala madarasani, makanisani na hata nje, na malaria imeenea njia nzima. Wanaotoka Nairobi na nyanda za juu wana kinga ndogo zaidi. Homa yoyote njiani ipimwe siku hiyo hiyo.

Maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo usijaze madumu. Chupa ya lita moja na nusu, ijazwe kila mnapopata maji safi, pamoja na dawa ya klorini ya kuyatibu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, ongeza kunywa. Lakini usijishindilie maji matupu kupita kiu, kwani chumvi ya mwili nayo hupungua. Kwa mwenye kuhara, tia katika lita moja ya maji safi vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Dawa ya maumivu iwe parasetamoli. Ibuprofeni kwa mtu aliyepungukiwa na maji yaweza kudhuru figo.

Kizibao cha kung'aa na tochi ndogo. Havifiki nusu kilo, na barabara ya Busia hadi Jinja ina malori usiku na mchana.

Mwisho ni kitambulisho na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Uganda hukihitaji. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuvuka mpaka. Tangu 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti hicho hudumu maisha yote.

Tahadhari moja: orodha hii ni ya njia yenye maduka na watu. Anayekwenda Mlima Elgon, ambako kilele cha Koitobos kina mita 4,222 na baridi ya usiku huua, hana budi kubeba hema, nguo nzito na chakula, na apande polepole.

JARIBIO KABLA YA SAFARI

Jumamosi mbili kabla ya kuondoka, vaa viatu vyako, beba mkoba uliojaa kama utakavyosafiri nao, utembee kilomita 15. Kutoka mjini Kakamega hadi msituni na kurudi patakutosha. Kesho yake amka utembee tena, kwani siku ya pili ndiyo isemayo kweli. Mahali palipouma ndipo pa kurekebisha, na kitu ambacho hukukigusa siku zote mbili hakina kazi mkobani.

Yule mama bado huja kliniki kila mwezi. Mwaka jana aliniuliza kama anaweza kwenda tena. Nilimwambia aende kwa basi, naye akacheka, akakubali. Alinionyesha mkoba wake: leso mbili, viatu vyake vya zamani, na juu kabisa, pakiti ya dawa.