Andalio la Somo: Kupanga Chumba Dar Ukiwa Mgeni

Wanafunzi wenzangu, sisi wa elimu tumeambiwa tangu mwaka wa kwanza kwamba mwalimu haingii darasani bila andalio la somo. Basi leo nimekuja na la kwangu.

Somo: Kupanga chumba. Walengwa: mwanafunzi mgeni, awe ametoka Bujumbura, Goma, Moroni au Namanyere. Muda: siku mbili, na atakayekwambia lisaa limoja linatosha muogope. Lengo mahususi: ifikapo mwisho wa somo, mwanafunzi aweze kumtambua mwenye nyumba halisi kabla hajatoa hela.

Utangulizi

Tulipofungua chuo mwaka wa pili, mwenzetu mmoja kutoka Burundi alikuwa anatafuta chumba. Ni mtu wa Buyenzi kule Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili amekulia nacho, ila akifungua mdomo tu mtu wa Dar anajua huyu si wa hapa. Hosteli alikosa. Mimi nilikuwa nimepanga Tandika, nikajiona mwenyeji, nikamwambia twende wote.

Dalali tulimpata stendi. Akatupeleka Mbagala, mtaa wa ndani kidogo ukitokea Kizuiani. Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili tunayoijua: korido katikati, vyumba huku na huku, uani choo na bomba. Chumba kizuri, dirisha kubwa, sakafu imesakafiwa. Mwanaume mmoja akatoka na funguo, dalali akamwita "baba mwenye nyumba". Kodi elfu sabini kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali.

Mwenzangu alisita. Akasema, "Nataka kwanza niulize ulize kwa majirani." Mimi ndiye niliyemjibu, "Dada, lipa. Kesho hukikuti." Akalipa taslimu, tumesimama mle mle chumbani. Akapewa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, ina sahihi moja na tarehe.

Jumamosi tukafika na godoro juu ya bajaji. Mlangoni kuna kufuli jingine. Mama mmoja alikuwa anafagia uani, akatuuliza, "Mnamtafuta nani, wanangu?" Tukaeleza. Akaweka ufagio chini. Yule baba alikuwa mpangaji kama wengine, kodi yake imeisha Alhamisi na kaondoka usiku. Mwenye nyumba mwenyewe anaishi Mkuranga, na chumba keshampa mtu mwingine. Namba ya dalali ikawa haipatikani.

Mama akatupeleka kwa mjumbe. Nyumba ya nne kutoka pale. Mzee akatusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mimi nipo hapa kila siku. Mngenipitia kwanza, mngelala na hela yenu." Polisi tulikwenda, taarifa tukaandikisha. Mpaka naandika makala hii hajarudishiwa hata shilingi. Alikaa kwangu wiki tatu, tunalala mzungu wa nne kwenye kitanda cha futi tatu na nusu, na muhula ule wote alikuwa anakula mara moja kwa siku. Alikuwa na akili ya kuuliza, nikaizima mimi. Ndiyo maana naandika.

Hatua ya kwanza: Piga hesabu kabla ya kupanda daladala

Mgeni anasikia "elfu sabini" anadhani anahitaji elfu sabini. Hesabu ya Dar haiendi hivyo. Chukua 70,000 mara miezi 6, unapata 420,000. Ongeza mwezi mmoja wa udalali, 70,000. Jumla 490,000, na bado hujanunua ndoo. Wapo wenye nyumba wanaotaka mwaka mzima. Wapo pia wanaokubali miezi mitatu ukiomba kwa heshima, hasa wale wanaoishi na wapangaji wao, kwa hiyo omba. Dalali naye ana hela ya kukuzungusha, elfu tano au kumi, hata usipopenda chumba. Kubalianeni mapema ni ya siku nzima au ya kila nyumba.

Jua pia unatafuta wapi. Zamani Dar ilikuwa na wilaya tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye Ubungo ikakatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ikakatwa kutoka Temeke. Wazee bado wanaita Kimara "Kinondoni", usishangae. La muhimu kwa mwanafunzi ni barabara. Ukisoma hapa Chang'ombe, mtu akakupeleka Bunju au Tegeta kwa sababu kodi ni nafuu, unachookoa kwenye kodi utakilipa kwenye nauli na usingizi. Sisi wa upande huu tunatazama Keko, Mtoni, Tandika, Yombo na Mbagala.

Hatua ya pili: Nenda mara mbili

Mara ya kwanza nenda na dalali. Mara ya pili nenda mwenyewe, jioni, bila kumwambia. Mchana mtaa umelala. Jioni ndiyo utajua kama baa ya jirani ina spika za kupasua bati, kama njia ina taa, na kama geti linafungwa saa nne wakati wewe unatoka maktaba saa tatu na nusu.

Tazama ukuta kwa chini. Ukiona mstari wa rangi ya udongo umepita sawasawa, huo ni urefu wa maji ya mvua iliyopita. Bonde la Msimbazi kila mtu analijua, maana baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu walihamishiwa Mabwepande. Lakini huku kwetu nako kuna Mto Kizinga na Mto Mzinga, na dalali hatakukumbusha wakati wa kiangazi.

Kisha uliza maswali ya uani. LUKU ni yako peke yako au mnachangia? Kama mnachangia, mwenye friji analipa sawa na mwenye taa moja? Maji ni ya DAWASA, ya kisima, au mnanunua kwa ndoo? Choo kikijaa nani anaita gari la kunyonya? Usafi ni zamu? Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga unaanzia hapo.

Kuna jambo moja kwenye LUKU wageni wengi hawalijui. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye umeme. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba. Kama mita ni moja na wewe ndiye unayenunua umeme, zungumza naye mapema namna ya kufidiana.

Hatua ya tatu: Watu watatu kabla ya hela

Hiki ndicho kiini cha somo, kwa hiyo aliyesinzia aamshwe. Kabla hela haijatoka mfukoni, ongea na watu watatu, kila mmoja peke yake.

Wa kwanza ni mpangaji wa chumba kingine ndani ya nyumba hiyo hiyo. Swali ni moja: "Samahani dada, kodi yako unampa nani?" Akitaja jina tofauti na uliloambiwa, ondoka.

Wa pili ni mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Jitambulishe, onyesha kitambulisho cha chuo, sema unataka kuhamia nyumba fulani na unaomba kumjua mwenyewe. Mgeni wa nje aende na pasipoti na kibali chake cha kukaa kama mwanafunzi. Wageni wengi wanaogopa ofisi, wanadhani watasumbuliwa. Ukweli ni kwamba utakuja kuhitaji barua ya utambulisho ya mtaa huo kwa mambo mengine, na ni bora wakujue ukiwa na amani kuliko wakujue siku umeibiwa.

Wa tatu ni mwenye nyumba mwenyewe, au mtu ambaye mjumbe anathibitisha kuwa ndiye msimamizi wake. Kama yuko mbali, apigiwe simu mbele ya mjumbe.

Dalali hayumo kwenye orodha hii. Si kwamba madalali wote ni matapeli, wengi wanatafuta ridhiki kama sisi. Ila dalali analipwa chumba kikichukuliwa, na wewe una shida ya kujua chumba ni cha nani. Ukisikia "kuna mtu analeta hela saa hizi", mwambie amchukue huyo mtu.

Hatua ya nne: Maandishi na malipo

Mkataba mwandikishiane hata kama ni ukurasa mmoja. Uwe na majina kamili na namba za vitambulisho vya pande zote, chumba kipi, kodi kiasi gani, kuanzia lini hadi lini, nani analipa umeme na maji, nani anatengeneza kikiharibika kitu, na notisi ya muda gani kila upande utatoa. Sahihi zenu, shahidi mmoja kila upande, muhuri wa serikali ya mtaa. Nakala mbili.

Kuhusu matengenezo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haikukuacha mikono mitupu. Ukipanga sehemu ya nyumba, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni jukumu la mwenye nyumba, na anatakiwa akuache ukae kwa utulivu. Wewe wajibu wako ni kulipa kodi kwa wakati na kutunza ulichokabidhiwa.

Lipa kwa benki au kwa simu. Ukituma kwa simu, jina la mpokeaji linatokea kabla hujathibitisha. Lilinganishe na jina la kwenye mkataba. Mtu anayelazimisha taslimu tu, tena leo leo, keshakupa jibu.

Yanayomhusu mgeni wa nje peke yake

Moja, usikubali kutajiwa kodi kwa dola kwa sababu ya lafudhi yako. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Kodi ni kwa shilingi, uwe Mbagala uwe Masaki.

Mbili, usishawishike kununua kiwanja "cha bei ya rafiki". Sheria ya Ardhi inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Wa Afrika Mashariki wanadhani Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, iliwafungulia mlango. Suala la ardhi itifaki hiyo ililiacha kwa sheria za kila nchi. Ukiandikisha kwa jina la rafiki Mtanzania, kiwanja ni cha rafiki.

Tatu, ukishaujua mji usijigeuze dalali. Tangu Julai 2025 udalali wa nyumba ni miongoni mwa kazi ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya.

Nne, likitokea tatizo na mwenye nyumba, anza serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi, likishindikana liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukitapeliwa kama sisi, hiyo ni jinai, nenda polisi.

Tathmini

Swali la kwanza: Dalali amekuonyesha chumba Yombo. Funguo anazo mtu anayesema ni mdogo wake mwenye nyumba. Mpangaji wa jirani hayupo. Utafanya nini? (Jibu: utarudi kesho.)

Swali la pili: Umeambiwa chumba kinagombaniwa na watu watatu. Utafanya nini? (Jibu: kama la kwanza.)

Kazi ya nyumbani

Mwenzangu alipata chumba Mtoni baadaye, kwa miezi mitatu mitatu. Safari hii alikwenda kwa mjumbe kabla hata hajaona ndani. Mimi nilimsindikiza, ila nilikaa kimya.

Kazi hii ni ya wenyeji. Sisi tukifika mtaa mgeni tuna mjomba wa kupigia simu, tuna mtu wa kanisani au msikitini, tuna lafudhi inayotulinda bila sisi kujua. Mwenzetu aliyevuka mpaka hana. Chuo kikifunguliwa, kila mwenyeji amtafute mgeni mmoja darasani kwake, atenge jioni moja, amfikishe kwa mjumbe. Na akisema anataka kuuliza kwanza, mwache aulize.